Muulize Muuguzi: "Wameniambia maumivu yangu yako akilini"

Barua za mwezi huu nimezisoma nikiwa nimelala chali sakafuni, juu ya mkeka, miguu nimeiegemeza kwenye kiti. Mgongo wangu uliamka vibaya Jumanne na mpaka leo haujatulia. Kwa wanaonisoma mara ya kwanza: nilikuwa muuguzi wa wodi kwa miaka 31, mingi hapa Kisumu na iliyobaki Nakuru. Mgongo niliuumiza kazini, usiku mmoja wa zamu, nilipomwinua peke yangu mgonjwa mzito aliyekuwa akiteleza kitandani. Hivyo leo najibu kama muuguzi na pia kama mgonjwa.

Shikamoo mama. Mimi ni fundi cherehani hapa Bondeni, Nakuru, nina miaka 43. Miaka minne iliyopita bodaboda niliyopanda iliteleza kwenye matope, nikaangukia kiuno. Sikuvunjika, lakini tangu siku hiyo kiuno hakijaniacha. Nikikaa kwenye mashine saa nzima, nainuka nimejikunja kama ajuza. Nimepigwa picha, nikaambiwa pingili mbili za chini zimeanza kulika. Nimemeza dawa, nimedungwa sindano, nimefungwa mkanda, nimekandwa kwa maji moto ya chumvi. Majuzi nilirudi hospitali. Daktari akaitazama picha, akanitazama, akasema: "Mama, hii sasa iko kwa akili yako. Jaribu kutoifikiria." Nililia mpaka nyumbani. Mama mkwe naye huuliza mbona siku za sherehe naonekana mzima. Sasa nasikia redioni kwamba watu hutumia akili kutuliza maumivu. Je, hiyo si njia nyingine ya kuniambia najisingizia?
*Fundi, Bondeni*

Marahaba mwanangu. Hujisingizii. Unaumwa, na anayekwambia huumwi hajui anachosema.

Nianze na hilo neno la daktari, maana naona limekuchoma kuliko kiuno chenyewe. Alichokusudia huenda kilikuwa na chembe ya ukweli, lakini alikitamka vibaya na akakuacha nacho mlangoni. Ukweli ni kwamba maumivu yote hupikwa kwenye ubongo. Yote, hata ya kuungua na pasi. Kidole kikidungwa sindano hupeleka habari tu. Ubongo ndio huamua habari hiyo itangazwe kwa sauti gani. Wewe unalijua hili kuliko mimi. Ni mara ngapi umeshona sare za shule za Januari, wazazi wamejipanga mlangoni, jioni ukanawa mikono ukaona tone la damu limekauka kidoleni, usikumbuke sindano ilikudunga saa ngapi? Ngozi ilitoboka. Habari ilipelekwa. Ubongo ukasema, ngoja kwanza, kuna wateja.

Mwaka 1944, kwenye Vita vya Pili vya Dunia huko Italia, daktari Mmarekani wa nusukaputi aliyeitwa Henry Beecher aliwauliza wanajeshi waliojeruhiwa vibaya kama walitaka dawa ya maumivu. Karibu robo tatu yao walisema hawakuihitaji. Hawakuwa mashujaa wa chuma, kwani hao hao walilalamika wakidungwa sindano ovyo. Lakini kwao jeraha lilimaanisha wametoka vitani hai na wanarudi nyumbani. Kwako, kuanguka kutoka kwa boda kulimaanisha nini? Kodi ya kibanda, karo ya watoto, mashine imesimama. Mwili wako ulikuwa na kila sababu ya kupiga kelele.

Kisha mwaka 1965, Ronald Melzack wa Kanada na Patrick Wall wa Uingereza walieleza kwamba ndani ya uti wa mgongo kuna kitu kama lango. Habari za maumivu hupitia hapo kabla ya kufika kichwani, na lango hilo hufunguka zaidi au hufungwa kiasi. Ukijigonga goti na kulisugua, kusugua kule husaidia kulifunga. Na ubongo wenyewe hutuma amri kutoka juu: legeza, au kaza. Hofu, hasira, kukosa usingizi na upweke hulilegeza. Furaha, shughuli unayoipenda, watu wanaokuthamini, huliziba kidogo. Wanasayansi wamerekebisha mengi katika maelezo hayo tangu wakati huo, ila hilo la amri kutoka juu limesimama.

Sasa unaona kwa nini siku ya harusi unacheza na kesho yake huinuki. Mama mkwe anachokiona ni kweli, ila tafsiri yake ndiyo yenye kasoro. Usimjibu wewe. Mwombe mumeo akae naye jioni moja, amweleze kwa heshima kwamba kiuno cha mkewe ni kama mtoto mgonjwa: wageni wakija huchangamka, wakiondoka homa hurudi, na hakuna anayesema mtoto yule alikuwa akidanganya.

Nikupe picha moja ambayo nimeishi nayo. Nilipokuwa nikikua Kaloleni, hapa Kisumu, jirani yetu aliibiwa kuku usiku. Mbwa wake alikuwa mbwa wa kawaida tu. Baada ya wizi ule akawa anabwekea kila kitu: muuza maziwa, jani la mgomba likitikisika, hata mwenye nyumba akitoka msalani. Mwizi hakurudi tena, lakini mbwa hakujua. Jirani akampiga, naye akazidi kubweka. Mtoto wa yule jirani, kijana mpole, ndiye aliyempatia dawa. Alikuwa akichukua kikombe chake cha chai alfajiri, anakaa karibu na lango, na muuza maziwa akipita anamwita mbwa jina lake taratibu, mkono shingoni. Kila siku. Ilichukua muda mrefu. Msimu wa maembe ulipofika, mbwa alikuwa anainua masikio tu, kisha analaza kichwa.

Maumivu yakizidi miezi mitatu huitwa sugu, na mara nyingi kidonda cha mwanzo kimeshapona au kimefika mwisho wa kupona kwake. Kilichobaki ni mishipa ya fahamu iliyojifunza kubweka. Kubweka huko ni kwa kweli, na kunachosha. Lakini ukipiga mbwa, au ukijifanya humsikii, hufiki popote. "Jaribu kutoifikiria" ni sawa na kumwambia mtu asimsikie mbwa aliye chini ya dirisha lake.

Na hizo pingili zinazolika? Neno "kulika" limewatisha wagonjwa wengi kuliko ajali zenyewe. Mwaka 2015 watafiti walikusanya tafiti za picha za migongo ya watu zaidi ya 3,000 ambao hawakuwa na maumivu yoyote ya mgongo. Wenye miaka 20, watu 37 kati ya 100 walikuwa na diski, ile mito iliyo kati ya pingili, zilizoanza kuchakaa. Wenye miaka 80, ni 96 kati ya 100. Ni mvi za ndani, mwanangu. Sisemi picha yako haina maana, nasema haitoshi kueleza kiuno chako chote, wala haimaanishi kwamba ukiinama kitu kitakatika.

Kabla sijakueleza la kufanya, nisikilize hapa vizuri. Ukipata ganzi kati ya mapaja, mkojo au haja vikigoma kutoka au vikitoka bila wewe kujua, mguu ukilegea ghafla, nenda hospitali siku hiyo hiyo, usingoje kesho. Ukiwa na homa, jasho la usiku, au unapungua uzito bila sababu, nenda ukapimwe. Kifua kikuu pia huingia kwenye uti wa mgongo. Hayo hayatulizwi kwa pumzi.

Kama hayo hayapo, anza hivi. Jioni, watoto wakishalala, tandika mkeka. Lala chali, magoti uyakunje, nyayo ziguse sakafu. Vuta hewa kwa pua ukihesabu mpaka nne, itoe polepole ukihesabu mpaka sita. Hiyo ni kama pumzi sita kwa dakika. Kule kutoa kwa muda mrefu ndiko kunakouambia moyo na misuli kwamba hakuna adui. Mimi nikitoa husema "Alhamdulillah" ndani kwa ndani, na urefu wake unanitosha. Wewe una maneno yako uliyolelewa nayo, yatumie.

Baada ya dakika mbili tatu, zunguka mwili kwa akili: nyayo, mashavu ya miguu, magoti, mapaja. Ukifika kiunoni usikimbie. Hapa ndipo watu wengi hukosea, nami nilikosea kwa miaka. Nilikuwa nikifika pale nakaza meno nipite haraka. Usiku mmoja nilichoka kukimbia, nikaamua kuyakagua yale maumivu kama ninavyokagua kidonda cha mgonjwa. Yako wapi hasa? Yana ukubwa gani? Yanachoma, yanavuta, yanapwita? Kingo zake ziko wapi? Niliyodhani yamejaa mgongo mzima yalikuwa na ukubwa wa kiganja, kushoto, juu tu ya mfupa wa nyonga. Na hayakuwa yamesimama. Yalikuwa yakija na kurudi kama mawimbi madogo pale Dunga, yale yanayogonga mtumbwi uliofungwa. Kati ya wimbi na wimbi kulikuwa na nafasi. Nafasi ndogo, lakini sikuwahi kujua ipo. Hayakuisha usiku ule. Nililala saa nne mfululizo, jambo ambalo sikuwa nimelifanya kwa wiki mbili.

Wewe ni fundi. Jicho lako limezoea kupima. Yapime kama unavyopima kitambaa, bila kukichukia.

La pili ni yale unayojiambia. Chukua daftari la watoto, uandike maneno yanayokujia kiuno kikishika. Nina hakika utakuta "nimeisha," "nitaishia kitandani," "nani atalea hawa watoto." Usiyafute. Andika chini ya kila moja lile ambalo ungemwambia dada yako angekuja kwako na maneno hayo. Sitaki ujidanganye kwamba huumwi. Nataka uache kuongeza kuni. "Leo kiuno kimeshika kwa sababu jana nilikaa saa tatu bila kuinuka" ni sentensi ya kweli, na haikutii hofu kama "nimeisha."

Ambalo linanileta kwenye mashine yako. Unakaa mpaka maumivu yakuinue, sivyo? Basi maumivu ndiye msimamizi wako wa kazi. Mnyang'anye kazi hiyo. Tega simu ilie kila baada ya dakika 25, na ikilia inuka, hata kama huumwi, hata kama umebakisha pindo moja tu. Tembea mpaka mlangoni, nyoosha mikono, vuta pumzi tano, rudi. Ubongo ukizoea kwamba unainuka kwa saa na si kwa uchungu, unapunguza kupiga mayowe ili ukuinue. Siku za sherehe vilevile: cheza nyimbo mbili, kaa wimbo mmoja.

Je, kuna ushahidi? Upo. Jon Kabat-Zinn alianzisha mafunzo ya wiki kadhaa ya aina hii mwaka 1979 kwenye hospitali ya Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, kwa wagonjwa ambao madaktari wengine walikuwa wamefika mwisho nao. Mwaka 2016 ulichapishwa utafiti wa watu 342 wenye mgongo sugu katika jimbo la Washington. Baada ya miezi sita, waliojifunza njia hiyo ya kutuliza akili na kuangalia mwili, watu 61 kati ya 100 walikuwa wameimarika vya kutosha katika kufanya shughuli zao. Waliopewa mafunzo ya kubadili fikra na mienendo, 58. Walioendelea na matibabu ya kawaida tu, 44. Utaona kwamba hata kwa njia hizo wako ambao hawakuimarika, na waliopata nafuu wengi wao hawakupona kabisa. Nakwambia hivi ili ukifika wiki ya tatu na bado unaumwa, usidhani umeshindwa. Kipimo chako kisiwe "je, nimepona?" Kiwe, wiki hii nimeshona magauni mangapi, nimelala saa ngapi, nimecheka na nani.

Na mtafute mtaalamu wa tiba ya viungo akuonyeshe mazoezi ya tumbo na makalio. Akili peke yake haifanyi kazi ya misuli. Niandikie tena baada ya miezi miwili, uniambie ukweli, uwe mzuri au mbaya.

Dada muuguzi, salamu kutoka Kakamega. Nilistaafu ualimu mwaka 2016. Magoti yananiuma, la kulia zaidi. Nilikuwa nikitembea hadi sokoni kila Jumamosi, nimeacha nikihofia kulimaliza kabisa. Nameza diklofenaki mbili kila siku, nanunua kwenye kemisti. Nina presha pia. Nikijifunza mambo haya ya pumzi, naweza kuacha dawa?
*Mwalimu wa hesabu, Kakamega*

Mwalimu, umeniogopesha kwa sentensi moja, ile ya diklofenaki mbili kila siku na presha juu yake. Dawa hiyo hupandisha presha, hulemea figo na huchubua tumbo, na ukiimeza miezi na miezi bila kupimwa unacheza na moyo wako. Wiki hii nenda kliniki unakotibiwa presha, ubebe na pakiti, uwaambie umeitumia tangu lini. Wapo wazee wengi wanaoficha dawa za kemisti wakiwa mbele ya daktari. Usiwe mmoja wao. Dawa za presha zenyewe usiziguse. Pumzi hazichukui nafasi yake.

Kuhusu goti: si tairi linaloisha kila ukipiga hatua. Gegedu, ule mfupa laini wa ndani ya kiungo, hulishwa na mwendo, na misuli ya paja ndiyo nguzo ya goti. Tangu uache kutembea paja limekonda, ndiyo maana sasa hata hatua chache zinakuuma. Hofu imekufungia nyumbani, kisha nyumba imelidhoofisha goti.

Wewe ni mtu wa hesabu, basi tutumie nguzo za stima. Siku ya kawaida, hesabu ni nguzo ngapi unazipita kabla goti halijaanza kulalamika. Tuseme ni kumi. Wiki ya kwanza tembea saba, urudi. Saba kila siku. Siku goti limeamka vizuri usikimbilie ishirini. Siku limeamka vibaya usibaki kitandani, tembea hata tatu kwa mkongojo. Kila wiki ongeza nguzo moja. Goti likiuma kidogo usiku na likatulia asubuhi, hujaharibu kitu. Likivimba, likawa la moto na jekundu, huo ni ugonjwa mwingine, liangaliwe.

Akili inaingia wapi? Unapoinuka kitini. Nimewaona wagonjwa wakishikilia meza, wamekaza mabega, wamefumba macho, wanasubiri uchungu kama mtoto anayesubiri kiboko. Uchungu unaosubiriwa hivyo hauchelewi. Toa pumzi ndefu, na wakati unainuka anza kuhesabu kutoka 300 ukitoa saba saba: 293, 286, 279. Natania? Hata kidogo. Mwaka 2012 watafiti wa Hamburg, Ujerumani, waliwachoma watu kwa joto mkononi huku wakiwapa kazi ngumu ya kukumbuka herufi. Kazi ilipokuwa ngumu, watu waliumia kidogo kuliko ilipokuwa rahisi, na picha zikaonyesha habari za maumivu zilipungua nguvu kule chini kwenye uti wa mgongo, kabla hazijafika kichwani. Hesabu yako ni lango, Mwalimu. Umeibeba maisha yako yote.

Mama, mimi nilikuwa wa boda hapa Kondele. Mwaka jana niligongwa na lori, nikakatwa mguu wa kushoto chini ya goti. Sasa huo mguu ambao haupo unaniuma. Nahisi vidole vimejikunja, kucha zinaingia kwenye wayo. Usiku ndiyo mbaya. Nikiwaambia watu nyumbani wanasema labda mguu haukuzikwa vizuri, au nimerogwa. Nimeanza kuogopa kwamba nina wazimu.
*Kijana wa Kondele*

Kijana wangu, pole sana. Huna wazimu. Unayoyasikia yameandikwa na madaktari kwa karne kadhaa. Silas Weir Mitchell, Mmarekani aliyewatibu majeruhi wa vita vya wenyewe kwa wenyewe kwao, ndiye aliyeyapa maumivu hayo jina mwaka 1871: kiungo mzuka. Wengi waliokatwa mguu au mkono huuhisi bado upo, na wengi wao unawauma.

Ubongo wako una ramani ya mwili wote, na hakuna aliyeiambia ramani kwamba mguu umeondoka. Inautumia amri, "nyoosha vidole," na haipati jibu. Mishipa iliyokatwa nayo kwenye kisiki hutuma habari zilizovurugika. Kama familia ingependa kuuombea mguu uliozikwa, waombe, wewe ukae nao katika maombi hayo. Hakuna dhara, na kukaa pamoja ni dawa. Ila usimlipe mtu akufungue uchawi.

Miaka ya 1990 daktari V. S. Ramachandran, aliyekuwa akifanya kazi California, alifikiria jambo rahisi ajabu: kioo. Tafuta kioo kirefu, kama kile cha mlango wa kabati. Kaa kitandani au chini, miguu mbele yako, ukisimamishe katikati, upande unaoakisi uelekee mguu mzima. Kisiki kikae nyuma ya kioo, kisionekane. Vua soksi, pete, chochote kinachotofautisha. Sasa tazama kwenye kioo. Utaona miguu miwili. Usifanye chochote kwanza, tazama tu na upumue. Nilimkalisha mwanamke mmoja hivyo Nakuru, aliyekatwa mguu kwa sababu ya kisukari, na kwa muda mrefu hakusema neno. Machozi tu yalikuwa yakishuka. Hebu jiandae kwa hilo, na kama una ndugu unayemwamini akae nawe siku ya kwanza.

Kisha kunja vidole vya mguu mzima taratibu, na uvinyooshe taratibu zaidi, huku ukijaribu kunyoosha vile visivyokuwepo kwa pamoja. Hospitali ya jeshi ya Walter Reed, Marekani, ilijaribu hivi kwa wanajeshi waliokatwa miguu, dakika 15 kwa siku, wiki nne, na matokeo yakachapishwa mwaka 2007. Walikuwa kikundi kidogo, lakini wote waliotumia kioo walipata nafuu, tofauti na waliopewa kioo kilichofunikwa. Tafiti za baadaye zimekuwa na majibu mchanganyiko: wengine husaidika sana, wengine hawasaidiki. Hakigharimu zaidi ya bei ya kioo, nami ningejaribu. Ukisikia kizunguzungu au maumivu yakazidi, funika kioo kwa shuka, upumzike, ujaribu kesho kwa dakika tano.

Na umwambie daktari kuhusu maumivu hayo kwa jina lake. Zipo dawa za mishipa ya fahamu ambazo ni tofauti na panado, na kisiki chenyewe kinafaa kukaguliwa, pengine kuna uvimbe wa mshipa au kidonda kinachochochea.

Binti yangu ana miaka 11, ana ugonjwa wa damu wa selimundu. Maumivu yakimjia mikono na miguu analia mpaka sauti inakauka. Je, naweza kumfundisha kutumia akili ili tusikimbie hospitali kila mara?
*Mama wa Siaya*

Mama, kwenda hospitali endeleeni kwenda. Maumivu yake ni damu iliyokwama kwenye mishipa midogo, mifupa inakosa hewa. Akipata homa yoyote, maumivu ya kifua, kupumua kwa shida, tumbo kuvimba upande wa kushoto, udhaifu wa upande mmoja wa mwili, au maumivu yasiyotulia kwa dawa mlizopewa nyumbani, mnaondoka saa hiyo. Maji ya kutosha, chandarua, sweta asubuhi za baridi, dawa zake za kila siku, na muulize daktari wake kuhusu dawa iitwayo haidroksiyurea kama hajaianza.

Lakini njiani kwenye matatu, na kitandani mnaposubiri dawa ishike, kuna kitu unachoweza kumpa. Wodini nilikuwa nikiwaambia watoto, "Nipeleke kwenu." Mtoto anafumba macho, dawa imeshatiwa kwenye dripu, ananiongoza. Tunashuka wapi? Kuna mti gani? Njia inapinda kulia au kushoto? Mbwa wa nani huyo? Nikuulize, udongo una joto au umelowa? Msichana mmoja wa umri wa binti yako alinitoa stendi, akanivusha kijito juu ya mawe, akanihesabia yale mawe, yalikuwa matano na la nne linacheza. Akanionya nisilikanyage. Sauti yake iliyokuwa ya kilio ilikuwa imerudi kuwa sauti ya mtoto anayemwelekeza mgeni. Tulipofika jikoni kwa nyanya yake alitaka kuniambia kilichokuwa kwenye chungu, akasinzia kabla hajamaliza.

Usimfundishe siku anaumwa. Mfundishe siku yuko mzima, mkiwa mnachambua mboga. Mwache achague njia mwenyewe, na umuulize kila jiwe.